Uso Alioutengeneza Besi

Jina la Besi hakupewa na mzazi. Alipewa na kwaya, kwa sababu ya sauti yake nzito iliyotetemesha vioo vya madirisha ya kanisa. Siku sita kwa wiki alikuwa mhudumu wa mochwari ya hospitali, ya saba mwimbaji, na wenzake walimtania kwamba yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuimba habari za ufufuo, maana wateja wake wote wanaungoja. Naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, msije mkadhani vingine.

Kazi yake aliijua. Wahudumu wengine wakipokea maiti huandika, hufunga droo, hao wamekwenda zao. Besi hapana. Aliamini hakuna mzazi anayestahili kumkuta mwanawe mdomo wazi, kwa hiyo alikuwa na kikopo chake cha nta, pamba, uzi mwembamba na poda za rangi tatu alizonunua mwenyewe. Mtu aliyekanyagwa na lori, akitoka mikononi mwa Besi, ungesema amejilaza tu kidogo. Ukimuuliza alijifunzia wapi, alikuelekeza kwenye picha ya Mwokozi iliyotundikwa juu ya madhabahu: uso mtulivu, pua iliyonyooka, ndevu zimechanwa, hakuna hata mkwaruzo. Alisema anawatengeneza wafu wamkaribie Bwana.

Sasa Jumatatu hiyo, mezani kwake palikuwa na kijana aliyeuawa na watu sokoni siku ya Jumamosi. Polisi walimleta na daftari likaandikwa: mwanamume, hajulikani, kipigo. Hajulikani! Besi alimjua tangu anabebwa mgongoni. Alikuwa fundi viatu, mtoto wa pekee wa yule mjane anayeongoza maombi kanisani, ambaye kila mtu humwita Mama Sala. Lakini Besi alilisoma lile neno, akalifunga daftari bila kulisahihisha.

Alijua mama atakuja. Siku mbili kijana hajarudi nyumbani. Mama ataanzia polisi, apite wodini, na mwisho wa yote afike mochwari. Basi Besi akapiga moyo konde, akaanza kazi asubuhi na mapema hata chai hajanywa. Taya lilikuwa limevunjika pande mbili, akalishona. Pua ililala shavuni, akaiinua kwa pamba. Jicho moja halikuwepo, akajaza tundu lake na kuifunga kope kwa uzi. Juu akapaka nta, na juu ya nta poda. Kila alipodhani amemaliza aliona kasoro nyingine, akaongeza. Wahenga walishasema la kuvunda halina ubani, lakini nenda kamwambie mtu mwenye lake moyoni. Kufika saa sita yule kijana alikuwa na uso mzuri ajabu, mzuri kuliko aliokuwa nao alipokuwa hai.

Mama Sala alifika saa saba. Mwanamke mwembamba, kilemba kichwani, amechoka kwa kutembea. Huyu, jamani, kanisani alikuwa na ombi lake moja ambalo hata watoto waliliigiza: alianza kwa kumsifu Mwokozi kwa uzuri wake, uso wake, mikono yake, upole wake, na akianza hapo vijana wa nyuma walijua hawataketi leo wala kesho. Alimsalimu Besi akamwambia amezunguka kote, na huko wodini amesikia kuna kijana mmoja asiyejulikana. Besi akamshika kiwiko, akamsogeza mezani, akaishusha shuka hadi kidevuni tu, kama ilivyokuwa desturi yake.

Mama akatazama. Akatazama tena. Kisha akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumamosi, na uso wake ukakunjuka.

"Si yeye," akasema. "Asante Yesu. Si yeye."

Besi hakuamini masikio yake. Mama Sala akawa anaeleza kwamba pua ya mwanawe si hii, na taya lake limechongoka kama la marehemu baba yake, na huyu kijana ni mzuri mno, maskini, masikitiko kwa mama yake. Kisha, mtu wa maombi ni mtu wa maombi, akaweka mkono juu ya shuka akamwombea mama wa huyo maiti, mwanamke asiyemjua, Mungu amtie nguvu siku atakapoletewa habari. Besi ilibidi aitikie amina.

Mama akasema anawahi nyumbani kupika. Huenda kijana amepeleka viatu vya wateja mbali, akirudi asikute jiko baridi. Na Besi alijua yanayofuata: Jumatano gari la manispaa lingekuja kuchukua wasio na wenyewe, kijana angefukiwa shimo moja na wengine saba, na mama huyu angepika na kungoja mpaka naye afe. Neno moja la Besi lingezuia hayo. Neno hilohilo lingemmaliza Besi mwenyewe.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Akaufunua mkono wa maiti, akamwonyesha gundi iliyoganda kwenye kucha na gumba lililosugulika kwa sindano ya viatu. Mama Sala alitazama pembeni. Mafundi viatu mji huu ni wengi, alisema, na tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Mama, ni yeye," Besi akasema. "Nilikuwepo."

Akamweleza yote akiwa amesimama. Alipita sokoni Jumamosi jioni akakuta watu wamemzunguka kijana na mfuko wake. Ndani mlikuwa na jozi kumi na mbili za viatu vya saizi mbalimbali, na mtu gani huyo, walisema, mwenye miguu ya kila namna kama si mwizi? Kijana aliwaambia ni vya wateja, anavirudisha. Hawakusikia. Ndipo akamwona Besi nyuma ya watu, akaita kwa furaha kabisa: mjomba Besi yule pale, vile vyeusi ni vyake, nimevitia soli mpya, muulizeni. Watu wakageuka. Mmoja alikuwa na nondo, akamuuliza Besi kama anamjua huyu.

"Ukasema nini?"

"Nilisema simjui."

Akaongeza kwamba yeye hakumpiga, hata kofi moja, akajisikia mjinga kabla hajamaliza kulisema.

Mama Sala alirudi mezani. Hakupiga yowe. Akamwambia amtoe mwanawe hivyo vitu usoni.

Besi akaleta beseni na maji. Akakata uzi, akachomoa pamba, akafuta nta, na kuvitoa kulimuuma kuliko kuviweka. Mama alitazama bila kupepesa, mpaka uso ukabaki kama watu walivyouacha sokoni, umepasuka na kuvimba, upande mmoja hautambuliki. Hapo ndipo alipomjua. Akatoa sauti ambayo Besi, kwa miaka yake kumi na tisa mochwari, hakuwahi kuisikia. Akamwinamia mwanawe akambusu palepale palipopasuka.

Kisha akainuka.

"Miaka yote namsifu Bwana kwa uzuri wake," akasema, "kumbe sijui ninachosema. Walimfanya hivihivi. Mama yake alimwona hivihivi msalabani, na hakuona kizuri kumshinda."

Besi akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akasema atakwenda polisi kuwataja aliowatambua, na Jumapili atasimama mbele ya kanisa aseme mwenyewe. Mama Sala alikuwa anakamua kitambaa.

"Simama," akasema. "Shika kichwa, mimi nioshe."

Besi akasimama, akakipokea kichwa cha kijana kwa viganja viwili. Mama akaanza na paji la uso, taratibu, anavyooshwa mtoto mchanga. Besi machozi yakamshinda, yakaanza kudondoka.

"Usinililie hapa," Mama Sala akamwambia. "Bado sijakusamehe. Shika vizuri."