Siri za Asiye Mteja

Pale kwenye ofisi ya mawakili walimwita Kufuli, na jina lile alilivaa kama wengine wanavyovaa dhahabu. Ukimuuliza saa ngapi, walisema, atakuuliza kwanza unaulizia kwa niaba ya nani. Wateja aliwaita kwa nambari, hata wale waliokuwa wamekaa mbele yake wakilia. Mafaili yalilala kifudifudi mezani kwake, karatasi iliyokosewa haikwenda kapuni mpaka ipite kwenye mashine ya kuichana vipande, na ufunguo wa masijala aliuning'iniza shingoni, ndani ya nguo, ukamwachia doa la kutu kifuani. Alikuwa mjane, hana mtoto, na watu walitania kwamba hata marehemu mumewe alioa bila kuambiwa.

Sasa Wakili Mkuu, bwana wa suti za kijivu na sauti ya kubembeleza, alikuwa ametangaza kwamba ataunda cheo kipya: Afisa wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Cheo kilikuja na chumba, chumba kilikuja na mlango, na mlangoni pangebandikwa kibao. Kufuli alikuwa amezeekea mapokezi, upepo wa ngazini ukimpiga mgongoni. Ule mlango aliutaka kuliko alivyowahi kumtaka mwanamume.

Asubuhi moja akaingia shemeji yake, Baba Pacha, mume wa mdogo wake wa pekee. Alipomwona alisita kidogo, kisha akacheka.

"Shemeji! Nilisahau kabisa kama uko hapa. Au niseme nilikumbuka?" Akaegemea meza. "Ninachowapendea nyinyi, mtu akisema jambo halitoki. Au nadanganya?"

"Karibu ukae," Kufuli akasema. "Jina kamili, tafadhali."

Shida yake aliieleza palepale, bila kupepesa macho. Alitaka kuuza nyumba anayoishi na mkewe na wale watoto pacha. Hati ilikuwa na jina lake peke yake, na huko kwingine kulikuwa na mwanamke anayemsubiri, tumbo limeshaonekana. Alitaka mke atoke kisheria, bila kelele, na mahakama ikubali kwamba hakuwahi kuchangia hata tofali moja.

Kufuli alifuata utaratibu. Alipanda juu akamwambia Wakili Mkuu kwamba mteja mpya ni shemeji yake, akasifiwa kwa uaminifu.

"Basi faili hilo usiliguse," Wakili Mkuu akasema. "Na ulichokisikia, hukukisikia."

Na kweli akawa hakukisikia. Jumapili Mama Pacha alipokuja kumtembelea dada yake, kama kawaida yake, alianza kueleza anavyotaka kupaka sebule rangi mpya. Kufuli alikunywa chai, akamsikiliza, akashauri. "Paka ya krimu, mdogo wangu. Nyeupe inashika uchafu wa watoto."

Hapa ndipo mimi huyu mwanamke ananishinda. Kunyamaza ni kazi, sawa, na kiapo ni kiapo. Lakini rangi? Panya huuma na kupuliza; yeye alipuliza tu, kazi ya kuuma akawaachia wenzake.

Siku mnunuzi alipofika na futi yake kupima ua, Mama Pacha alikimbilia pale alipojua ana mtu wake. Aliingia ofisini na ndara zisizofanana.

"Dada, nimekwisha. Baba Pacha anauza nyumba. Nipatie wakili hapahapa kwenu."

Ofisi ile ilikuwa na kanuni ambayo Kufuli mwenyewe aliwafundisha waajiriwa wote wapya. Mtu asiye mteja akiingia, usimwache aanze kusimulia. Muulize anagombana na nani, na kama hasimu wake ni mteja wetu, mwambie, "Hatuwezi kukupokea, tafadhali tafuta ofisi nyingine," ukomee hapo. Maneno hayo hayatoi siri ya mtu, na yanamwokoa mgeni asijimwage mbele ya adui yake. Kufuli alikuwa ameyasema mara chungu nzima kwa watu asiowajua. Kwa mdogo wake hayakutoka. Angeyasema, Mama Pacha angeelewa papo hapo, angeuliza tangu lini, na angeikumbuka ile Jumapili ya rangi ya krimu. Aibu ndiyo iliyomziba mdomo, wala si kiapo. Msije mkamtetea bure.

"Pumua kwanza," akasema, akampeleka kwenye chumba cha mazungumzo, kile cha vioo.

Ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya bluu: Taarifa zako ziko salama mikononi mwetu. Mama Pacha aliyasoma kwa sauti, akafarijika, akaketi, akafunguka.

"Kile kiwanja ni changu, dada. Wewe wakati ule ulikuwa mbali huko, kwa mumeo, hukuona. Msingi na vyumba viwili vilisimama kabla sijamjua Baba Pacha hata kwa sura. Nilipolazwa na mimba ya pacha ndipo akaenda kuandikisha hati kwa jina lake. Aliyeniuzia amekufa. Amebaki fundi tu, yule aliyejenga. Watu wote wanadhani naye alikufa, Baba Pacha pia anajua hivyo. Lakini yu hai! Nimeonana naye. Anakaa kwa binti yake, nyuma ya kile kinu cha zamani, na amekubali kuja kunisemea." Akamshika dada yake mkono. "Usimwambie mtu. Baba Pacha akimfikia kwanza, mimi na wanangu tuko barabarani."

"Nimwambie nani mimi?" Kufuli akasema. "Lakini hapa wamezidiwa na kazi, watakuchelewesha. Kuna wakili mmoja, bado binti mdogo, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Nenda kwake, ana moyo."

Mama Pacha alimshukuru kwa machozi akaondoka. Wakati wote ule Wakili Mkuu alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo, akijifanya anasoma. Hakuchelewa kumwita Kufuli juu.

"Yule si mke wa mteja wetu?"

"Ni mdogo wangu, mzee."

"Kasema nini?"

"Mambo ya familia."

"Mambo ya familia huzungumzwa nyumbani. Yeye kayaleta kwenye meza yangu." Akatabasamu kwa upole kabisa. "Una siri, naiona inakukereketa. Siri ya nani?"

"Yake."

"Yeye ni mteja wetu?"

"Hapana."

"Ametia sahihi popote?"

"Hapana, mzee."

"Basi siri yake hapa haina mwenyewe. Sisi tunalinda taarifa za wateja, mama, hatulindi za kila anayepita ngazini. Afisa wa ulinzi asiyejua anamlinda nani, nitampa mlango wa nini?"

Kufuli aliangalia zulia. Angeweza kukataa. Wala asingefukuzwa, angerudi zake chini, kwenye upepo wake, akaendelea kuita watu kwa nambari hadi astaafu. Hiyo tu ndiyo ingekuwa hasara yake, na aliiona ni kubwa mno.

"Fundi aliyejenga yu hai," akasema.

"Yuko wapi?"

"Kwa binti yake. Nyuma ya kinu cha zamani."

Wakili Mkuu hakuandika kitu. Alimshukuru, akamwomba afunge mlango taratibu.

Siku ya kesi fundi alikuja, tena mapema, amevaa viatu vipya. Yule binti wakili alimuuliza nyumba ilijengwa lini, na nani aliyempa kazi. Fundi akajikuna kichwa. Akasingizia uzee, akasema nyumba amejenga nyingi, akasema mama huyu labda aliwahi kumwona, labda hakuwahi. Mama Pacha alisimama bila ruhusa.

"Baba, si mimi niliyekuwa nikikuletea maji ya saruji?"

Hakimu akamwamuru akae. Fundi alikodolea viatu vyake macho mpaka alipoambiwa ashuke kizimbani.

Mkokoteni ulibeba magodoro, na juu ya magodoro wakakaa pacha, wakicheka kwa kuwa hawajawahi kupanda mkokoteni. Walihamia chumba cha nyuma kwa mama yao mkubwa. Kufuli, ambaye sasa alikuwa na mlango na kibao chake, aliwapokea vizuri kupita kiasi. Aliwanunulia mashuka mapya, akawapikia kwa mikono yake. Mama Pacha aliwaambia majirani kwamba kweli damu ni nzito kuliko maji, na kwamba wenye dada kama wake wamshukuru Mungu.

Jioni moja watoto walipokwisha kula, Mama Pacha alivuta kiti karibu.

"Dada, nimewaza sana. Habari ya fundi niliwaambia watu wawili tu duniani. Wewe na yule binti wakili."

Kufuli aliweka kikombe chini.

"Wewe nakujua tangu nikiwa mgongoni kwako," Mama Pacha akaendelea. "Kwa hiyo ni yeye. Alinipa kitambaa nifute machozi, kumbe anapiga bei. Nataka anyang'anywe uwakili. Aombe kazi ya kufagia, wamnyime na hiyo. Kuvuja kwa siri si ndiyo kazi yako siku hizi? Niandikie malalamiko, dada. Mimi maneno yao siyajui."

Ukweli ulimpanda Kufuli hadi kooni. Hilo namkubalia, ulipanda, na uso ulimbadilika hata mdogo wake akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema, akavaa miwani.

Aliandika vizuri, kwa lugha iliyonyooka, kwamba wakili huyo alipewa taarifa ya siri na mteja wake, akaifikisha kwa upande wa pili, na kwamba kwa kitendo hicho mama mwenye watoto wawili amepoteza makazi. Alimsomea mdogo wake yote, polepole, akamwonyesha pa kutia sahihi.