Mgongo wa Mzee Tsunehiko

Likizo ya Yasuhide ilikuwa imebakiza siku moja, na hadi hapo alikuwa amemtolea baba yake visingizio vinne. Siku ya kwanza alisema amechoka na safari ya treni kutoka Nagoya. Ya pili akasema ameshaoga. Ya tatu kichwa kilikuwa kinamgonga. Ya nne hakusema kitu. Alijilaza mbele ya feni akajifanya amelala, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mkuu wa ofisi yenye watu kumi na wanne, kafumba macho kama mtoto anayekwepa dawa.

Kila alasiri mambo yalikuwa yaleyale. Ikitimia saa tisa, mzee Tsunehiko alichukua beseni lake, taulo na kipande cha sabuni, akasimama mlangoni akiwa amempa mwanawe mgongo.

"Maji ya leo yamekaa vizuri," alisema, kana kwamba anauambia mlango.

"Tangulia, Baba. Nitakuja."

"Aa, usijisumbue. Nimesema tu."

Akashuka zake polepole, akapita kwenye mvuke wa chemchemi unaofuka mitaroni, hadi kwenye bafu la maji ya moto ambako wanaume wa mtaa ule wa Beppu huoga pamoja. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kusema "twende" waziwazi. Mama alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akifafanua: baba yako anataka uende naye, inuka. Sasa mama alikuwa picha juu ya madhabahu ya nyumbani, amewekewa tikiti na wali, kwa kuwa hizi zilikuwa siku za Bon na marehemu wote walikuwa wamerudi makwao. Lakini marehemu hawafafanui kitu.

Si kwamba Yasuhide hakuelewa. Alielewa sana. Kilichomzuia ni kovu. Mwezi wa tatu madaktari walimtoa figo ya kushoto, wakamwachia mshono mrefu ulioanzia ubavuni ukakata kuja mbele. Ofisini walijua wote. Baba aliambiwa kazi zimebana, na ndiyo maana masika ile mwana hakuja kusafisha kaburi la mama kama ilivyo ada. Mzee wa miaka themanini na nne, wa nini kumtia hofu? Yasuhide alijiona mwana mwema kwa hilo, na wema huo alikuwa ameuzoea hata akaupenda. Shida ni kwamba bafuni mule watu huingia kama walivyozaliwa, na hakuna pa kuficha ubavu.

Jioni ya siku ya nne alikutana na Mzee Anan, jirani yao, akitoka kuoga, uso mwekundu kwa joto.

"We kijana!" Mzee Anan akamsimamisha. "Kumbe upo? Sisi tulidhani babako kakutunga."

"Nipo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nikwambie kitu, na usinune. Mgongo wa babako unaanza kutoa harufu."

Yasuhide akacheka. Mzee Anan hakucheka.

"Bega lake la kulia halinyanyuki tangu mvua za mwezi wa sita. Mgongo haufikii. Tumemwambia, lete tukusugue, si ndivyo tunavyofanyiana? Hataki! 'Acheni, mwanangu anakuja wakati wa Bon.' Haya, Bon imefika. Anakaa pale ukingoni, mlango ukilia anageuka. Ni mimi. Mlango ukilia tena anageuka. Ni muuza samaki."

Yasuhide aliona haya hadi masikio yakamchoma. Usiku ule aliamua: kovu au si kovu, kesho anaingia.

Asubuhi, kwa mara ya kwanza, alilisema wazi. "Baba, leo nakuja bafuni."

"Ukipata nafasi," alijibu mzee, macho kwenye supu yake. Lakini baadaye Yasuhide alimwona akifungua kabati na kutoa taulo mbili mpya.

Sasa, mtu akitoka likizo harudi ofisini mikono mitupu. Lazima aweke mezani boksi la vitu vitamu vya kwao, kila mmoja apate chake, la sivyo atasemwa mwaka mzima. Baada ya chakula cha mchana Yasuhide alikwenda stesheni kununua biskuti, akakuta nusu ya mji iko pale kwa shida ileile. Foleni ilizunguka nguzo mara mbili. Saa nane na nusu alikuwa katikati. Saa tisa alikuwa bado watu ishirini. Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemfunga kamba. Aliangalia saa, akawafikiria wale kumi na wanne, akabaki.

Alifika bafuni saa kumi kasoro robo, anahema. Akavua nguo, akasukuma mlango. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa, ameinamisha kichwa, na nyuma yake Mzee Anan alikuwa akimsugua mgongo. Povu lilikuwa limefika kiunoni.

"Alikusubiri," Mzee Anan akasema, kama aliyekamatwa na kitu si chake. "Ila joto lilikuwa linamlevya."

"Nipe, Mzee. Nimsugue mimi."

"Mgongo umeshasuguliwa," baba akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo liliuma. "Ukisuguliwa mara mbili utachubuka. Kaa wewe. Geuka."

Yasuhide akakaa, akageuka. Taulo lilianzia shingoni, kwa mkono wa kushoto, likashuka kidogo kidogo. Lilipofika ubavuni likasimama. Mzee Anan akaokota beseni lake akatoka bila kuaga.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Nini?"

"Figo. Waliitoa. Nimepona, Baba, kweli."

"Nani alikaa na wewe?"

Yeye na mkewe walishaachana miaka sita nyuma, na baba alilijua hilo.

"Manesi walikuwepo," alisema Yasuhide. "Sikutaka kukupa wasiwasi."

"Mimi nina kazi gani?" Sauti ya mzee ilikuwa chini kabisa. "Niambie. Kupanda treni najua. Ningekaa kwenye kiti pale, nikumenyee tunda. Mama yako nilikaa naye hospitalini siku arobaini na moja. Wewe hata moja umeninyima."

Yasuhide alikuwa amejitia kumlinda baba yake, kumbe alikuwa amemfungia nje, na safari ya kurudi ilikuwa imebakiza saa mbili. Taulo likaanza tena, likizunguka kovu kwa tahadhari, kana kwamba bado ni bichi.

"Nguvu zinatosha?" baba akauliza.

"Zinatosha," alisema Yasuhide, ingawa ule mkono ulikuwa ukimgusa tu.