Jina Lililowekwa Akiba

Bibi Hadija alilitua beseni la maji kwa kishindo mpaka mkwewe, Zabibu, akashtuka kitandani.

"Umesema nini, Mansuri? Hebu rudia."

Mwanawe alisimama mlangoni na robota la mitumba lililoshuka na treni asubuhi hiyo. Tangu biashara huria iruhusiwe, Itigi nzima ilimwita bosi.

"Nimesema tungoje, mama. Mtoto wa mimba ya miezi saba, hajai hata kiganja. Jina lako namtunzia atakayekaa duniani. Huyu tumwite Mtoto tu kwanza."

Hasira zikampanda bibi hadi utosini. Leo ndiyo siku ya saba, siku ya kunyoa na kutoa jina, na mjukuu amefungwa kifuani pake kwa kitenge, anahema kama kifaranga. Kumbe majina nayo siku hizi yanawekwa stoo yakingoja bei!

"Jina langu nimekuuzia lini wewe?"

"Mama, usikasirike..."

"Nimeshakasirika! Kitendawili!"

 Mansuri alilelewa na mama huyu, akaitikia.

"Tega."

"Mgeni wangu kafika, chungu hakijachemka."

Akakuna kichwa. "Sijui."

"Nipe mji."

"Chukua Manyoni."

"Manyoni niipeleke wapi? Nipe huyu mtoto nimwite jina lake!" Akamkumbatia mtoto. "Jibu ni Hadija. Kwa Waarabu, Hadija ni mtoto aliyezaliwa kabla miezi haijatimia. Ndilo jina la mke wa kwanza wa Mtume, mama mwenye misafara ya biashara, siyo wewe na robota lako moja! Na mimi baba yangu aliniitia nini hivyo? Nilikuwa njiti kama huyu. Nilizungushiwa pamba nikalazwa ndani ya mzinga mkavu wa nyuki. Shangazi zangu wakasema jina lisiharibiwe bure. Baba akanipa mbele yao."

"Hukuwahi kuniambia, mama."

"Uliniuliza? Ulidhani nimekuja duniani na mvi hizi?"

Zabibu akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Mama, maji yanapoa. Wembe huu hapa."

Bibi akamfungua mtoto nusu, akainama sikioni pake, akalitamka jina polepole, na hasira yake yote bado imo.

"Nywele kidogo tu, asipate baridi," akasema. "Na wewe bosi, usinisimamie hapo. Weka chini matambara yako, uje umshike Hadija kichwa."