Betri Iliyozimika Mlangoni kwa Chiu

Yueh-chiao alikuwa ameishi na Kun-shan muda wa kutosha kujua kwamba mumewe hakosei. Daima kinachokosea ni kitu kingine. Mwezi ule kilichokosea kilikuwa betri ya pikipiki. Ya kwanza ilipokufa, Kun-shan alimtukana aliyemuuzia. Ya pili ilipokufa, akamtukana aliyeiunda. Ya tatu ilipoanza kulegea, akaanza kuilaumu hewa ya Lukang, mji wao wa pwani ya Taiwan, eti ina chumvi.

Taa hakuzitaja. Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, ya gia, ya kubebea mboga. Lakini tangu achaguliwe kuongoza msafara wa Bibi Mazu, mungu wa hekalu la mtaa wao, alikuwa ameipamba kama bibi harusi: taa za rangi kwenye usukani, taa nyingine chini ya kiti, spika mbili za kupigia nyimbo za hekaluni, na nyuma ua kubwa la plastiki lililowaka huku likizunguka. Lilizunguka polepole, kama linalowaza. Pengine ndilo pekee lililowaza katika nyumba ile.

Siku moja, Kun-shan akiwa hekaluni kwenye kikao, Yueh-chiao alichukua testa yake mwenyewe, kile kipimaumeme anachopimia betri za rimoti. Akazima mapambo yote, akapiga kiki, akaipa injini mafuta kidogo. Testa ikasoma volti kumi na nne. Chaji inaingia vizuri. Akawasha taa, spika na ua. Injini ikiwa bado inanguruma, namba zikateremka hadi kumi na mbili, kisha zikaendelea kuteremka. Yeye aliyelea familia kwa mshahara mmoja hakuhitaji fundi wa kumfafanulia: walaji walikuwa wengi kuliko mletaji.

Jioni akamweleza mumewe. Kun-shan alimsikiliza kwa subira, kama mtu anayemsikiliza kasuku.

"Hayo ni mambo ya umeme, mama Yi-an," akasema.

"Ndiyo maana nimetumia testa, baba Yi-an. Ubani nimeuacha hekaluni."

Kesho yake Kun-shan akabandika hirizi ya karatasi ya njano juu ya betri, akatangaza kwamba tatizo limekwisha.

Asubuhi ya msafara alitangulia mbele, kila kitu kimewaka, mwendo wa kobe, mwendo ambao injini haizalishi umeme wa maana. Nyuma yake kiti chenye sanamu ya Bibi Mazu kiliyumba mabegani mwa wabebaji, na nyuma yao wanawake na vijiti vya ubani, Yueh-chiao akiwa miongoni mwao. Walipoingia mtaa wa wauza ubani, spika zikaanza kuimba kwa sauti ya mgonjwa. Ua likasita, likasimama. Injini ikakohoa na kunyamaza. Kun-shan akapiga kiki, akapiga tena. Hakukuwa na cheche. Wabebaji wakasimama.

Walikuwa mlangoni kwa Chiu, kati ya nyumba zote za Lukang. Chiu ndiye aliyeshindana na Kun-shan kuwania uongozi wa msafara. Baadaye alikuja kuomba Bibi asimame kidogo kwake, kwa kuwa mkewe alikuwa mgonjwa hawezi kufika hekaluni. Kun-shan alimjibu kwamba ratiba haina nafasi.

"Bibi amechagua mwenyewe," mtu mmoja akasema, na maneno yakapita mstari mzima. Chiu akatoka na fulana ya ndani, akawaona, akarudi ndani mbio. Alipotokea tena alikuwa amembeba mkewe. Akamweka mbele ya kiti cha Bibi, naye mama yule, mwepesi kama nguo zilizoanikwa, akainamisha kichwa na kulia.

Yueh-chiao akamsogelea mumewe.

"Waambie basi. Ni betri au ni Bibi?"

Kun-shan alimtazama yule mgonjwa. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Ni Bibi," akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Amesimama mwenyewe."

Yueh-chiao alikuwa na maneno makali matatu ulimini, yote mazuri. Akayameza. Akachutama, akachomoa waya za taa, za spika na za ua, kisha wakangoja mke wa Chiu amalize maombi yake. Betri ilipopumzishwa mzigo ikapata nguvu kidogo. Kiki ya pili ikashika. Msafara ukaendelea bila wimbo wala taa, na watu wakasifu unyenyekevu wa kiongozi wao. Kun-shan alizipokea sifa hizo zote bila kurudisha hata moja.

Mapambo hayakurudishwa. Kun-shan alieleza kote mtaani kwamba Bibi hapendi makeke, na betri ya tatu inafanya kazi mpaka leo. Mwaka uliofuata kamati ilitangaza kwamba kituo cha mlangoni kwa Chiu ni cha lazima, kwa amri ya Bibi mwenyewe. Aliyetumwa kumpelekea Chiu habari hiyo alikuwa Kun-shan. Chiu akamkaribisha chai, na Yueh-chiao, aliyekwenda kushuhudia, anasema mumewe aliinywa yote.