Mtathmini Alipokaribishwa kwa Losalini

Losalini alimaliza siku tatu akisugua matope ya mafuriko, kwa sababu moja tu: mgeni anakuja. Kwamba mgeni mwenyewe anakuja kuyapima hayo hayo matope, hilo halikumjia akilini. Mjini Nadi, hasa mtaa ule wa nyuma ya soko, mwanamke hapokei mtu kwenye uchafu, hata kama mtu huyo ameajiriwa kuuhesabu.

Mgeni aliitwa Vinesh, mtathmini wa hasara kutoka ofisi ya fidia, mwenye kitambi na futi ya chuma. Aliketi mkekani, akatazama kuta zinavyong'aa, akaguna.

"Maji yalifika wapi, mama?"

"Kifuani."

"Alama yake?"

"Nimeisugua."

"Umeisugua!"

"Ulitaka nikupokee na ukuta mchafu, kama vile sikulelewa?"

Vinesh alimweleza, kwa subira ya mtu anayelipwa kwa siku, kwamba ofisi inakokotoa hasara kwa kina cha maji. Bila alama hakuna kina, na bila kina hakuna fidia. Akaandika sifuri. Losalini aliiona, akatupia jicho kwenye kona. Cherehani yake ilikuwa imekufa chini ya kitambaa cha maua, na bila fidia hangepata nyingine ya kushonea sare za shule, kazi pekee iliyomlisha.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Alikuwa Vasiti, jirani.

"Shoga, bado tu? Lete mkeka wa mchungaji, sasa zamu yangu kumpokea mgeni! Bwana, hebu inua makalio kidogo."

Akauvuta. Chini yake mbao zilikuwa zimevimba na kupindana, tope jeusi likichungulia kwenye nyufa. Losalini alifunika uso kwa aibu. Vinesh alipiga magoti kwa furaha isiyo na adabu, akachokonoa tope kwa kidole.

"Na pazia hili, la nani?" akauliza.

"La dada yangu, wa kule milimani."

"Vikombe?"

"Vya kanisa." Sauti ilizidi kushuka. Kila jibu lilimuuma kama kuvuliwa nguo hadharani, na kila jibu Vinesh aliongeza mstari kwenye orodha ya vilivyopotea.

"Cherehani?"

Losalini alifunua kitambaa. Maji ya kahawia yalidondoka. "Hii yangu. Imekufa."

Vinesh akafuta ile sifuri, akazungusha macho chumbani.

"Sasa mama, kizima kilicho chako humu ndani ni kipi?"

Losalini akaangaza huku na huku, kisha akamsogezea sahani.

"Mihogo. Kula, inapoa."