Maji ya Diwani

Dorca alisugua sakafu kwa majivu. Alianzia ukutani, chini ya dirisha lililozibwa kwa gunia, mahali alipokuwa amelala mwanawe Lornah hadi Alhamisi, akarudi nyuma kwa magoti mpaka nyayo zake zikagusa mkeka wa jirani. Hapakuwa na pa kurudi zaidi. Katika ukumbi ule wa Nyalenda mikeka ilipandana kama magamba ya samaki. Waliokimbia mafuriko ya uwanda wa Kano walilala pumzi kwa pumzi, mwenye mimba ubavuni mwa anayehara, kichanga miguuni mwa anayekohoa. Choo kilikuwa kimoja na kilishafurika. Mvua za El Niño zilizozamisha mashamba ndizo zilizong'oa mabomba ya mtaa, kwa hiyo maji ya ukumbi yalichotwa mtaroni nyuma ya jengo na kumiminwa katika pipa la buluu. Vijana wa Diwani wa mtaa walikuwa wamelipaka pipa hilo maandishi meupe: MAJI SALAMA.

"Majivu hayaui kipindupindu, Mama Lornah," alisema Waliaula, afisa wa afya, akiwa mlangoni na leso puani.

"Basi leta kinachoua."

"Dawa ya maji imechelewa Nairobi. Mimi nifanye nini sasa?"

"Na mtoto wangu mmemzika wapi?"

Waliaula alitazama viatu vyake. "Hiyo ni kazi ya watu wa lori. Ugonjwa huu hatuonyeshi mtu kaburi."

Lornah alifungwa katika nailoni, akapakiwa juu ya wengine. Dorca hakumlilia kwa sauti. Kilio kinataka boma, na boma lake lilikuwa chini ya maji.

Jumamosi Benta, jirani yake wa mkeka, alimpeleka kufua mashuka katika hoteli ya Diwani Dishon kando ya ziwa. Nyuma ya jiko, barazani, Dorca aliona madumu meupe yamepangwa hadi darini. Kila dumu lilikuwa na muhuri mwekundu wa duka la Baldev, uleule uliokuwa kwenye mablanketi ambayo mfanyabiashara huyo aliwapa msaada walipofika mjini.

"Hiyo ni nini, Benta?"

"Dawa ya maji." Benta alishusha sauti. "Tunapigia deki. Tunaoshea hata sahani ya mbwa. Mdosi wetu, Diwani, anaogopa kipindupindu kuliko kifo chenyewe."

Dorca aliinama, akanusa sahani ya mbwa. Ilinukia usafi. Alirudi kwenye karai, na kila shuka alilolikamua siku hiyo alilikamua kama shingo.

Alipomweleza Waliaula, yule bwana hakushtuka. Hapo Dorca akajua kwamba alikuwa akijua.

"Nyamaza, mama. Mimi nina watoto."

"Mimi sina," Dorca akasema.

Jumapili, baada ya kanisa, Diwani alikuja na Baldev na mpiga picha wa gazeti. Wenye nguvu waliambiwa wakae, wasio na nguvu wakageuziwa ukutani. Dishon alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti ya kipaza. Alisimama jukwaani, mbali na mikeka.

"Watu wangu, umaskini si uchafu," alisema. "Naweni mikono. Msilale mkibanana. Na msinywe maji mengine ila ya pipa hili, ambayo nimeyatibu mimi mwenyewe kwa dawa ya ndugu yetu Baldev."

Baldev alipiga makofi kwa moyo mweupe. Ukumbini watu walitazamana. Habari za madumu zilikuwa zimeshapita mkeka hadi mkeka, kama ugonjwa wenyewe.

Dorca aliinuka. Tangu kifo cha Lornah hakuwa ameyagusa maji ya pipa. Alikinga ya mvua kwa kopo. Sasa alifunua pipa, akachota kikombe cha bati kikajaa pomoni, akatembea nacho taratibu hadi jukwaani, akapiga goti.

"Mheshimiwa, umetuletea maji. Hatuna kuku wa kukuchinjia. Tuna haya."

Kisha akanywa kwanza, mafunda matatu makubwa, koo lake likionekana na kila mtu. Kwao mwenyeji ndiye hutangulia kuonja, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Akishaonja, mgeni anayekataa amemtangaza mwenyeji wake kuwa mchawi, na neno hilo halisahauliki.

Tabasamu la Dishon lilikauka. "Ahsante, mama. Nimetoka kunywa chai sasa hivi."

"Chai haigombani na maji, Mheshimiwa."

"Basi mfadhili wetu atangulie. Yeye ndiye mkubwa leo."

Baldev alinyoosha mkono. Dorca akakivuta kikombe kifuani. "Huyu ni mgeni wako. Mgeni wetu ni wewe."

"Mama ameshaonja, Diwani," Mzee Ouma alisema kutoka mkekani, akiwa ameegemea kiwiko. "Ama unatuita wachawi?"

"Wakati wa kura alikula samaki wetu mpaka kichwa," mwanamke mmoja alidakia. "Leo maji yamekuwa na miiba?"

Watu walicheka, kicheko kikavu, cha matumbo matupu.

"Kunywa tu, bwana," alisema Baldev, akishangaa. "Ni dawa yangu, nzuri sana."

Dishon aliinama kama anayemshukuru mwenyeji, akamnong'oneza: "Nitakufunga."

"Nifunge. Kunywa kwanza."

Mpiga picha alikuwa amekwisha kuinua kamera. Diwani akagusisha midomo.

"Kikombe cha kwetu hakirudi na kitu ndani," alisema Dorca, bado amepiga goti, macho yake yameng'ang'ania koo la yule mtu kama mvuvi anayetazama boya la ndoana yake.

Dishon alikunywa chote. Kamera ikamulika. Dorca alihesabu kila funda lake kwa jina moja tu: Lornah, Lornah, Lornah.

Jumanne gari la Diwani lilipita Nyalenda kwa honi na taa, likielekea hospitali ya matajiri. Siku hiyohiyo tumbo la Dorca lilifunguka. Benta alimshika kichwa, akamwona anacheka.

"Unacheka nini, dada?"

"Anahara," Dorca akasema. "Naye anahara."

Jumatano walikuja askari. Mkubwa wao alitangaza kwamba ukumbi umegundulika kuwa chanzo cha maradhi, kwamba umehatarisha hata maisha ya kiongozi, na kwamba unafungwa kwa usalama wa wananchi. Wenye miguu walisukumwa. Dorca alibebwa na mkeka wake, akalazwa kando ya barabara kwenye tope, mvua ikimwagika, na wenzake wakalazwa kandokando yake, wakibanana vilevile.

Hapo ndipo lori lilipofika na madumu. Muhuri ulikuwa mwekundu. Waliaula alibeba pampu mgongoni, akanyunyizia sakafu, kuta, jukwaa, kisha akatoka nje akaanza kunyunyizia watu. Alipomfikia Dorca alisita.

"Imefika kutoka Nairobi?" Dorca aliuliza. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Waliaula alirekebisha mkanda wa pampu.

"Na Diwani?"

"Alitundikiwa maji. Chupa kumi na moja." Alitazama nyuma, kwa askari. "Leo amekula ugali. Anasema akitoka atawashtaki."

Dorca alimtazama. Macho yalikuwa yamezama, lakini ndani yake mlikuwa na kitu kisichozama.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Mwambie namngoja."

Waliaula alifinya mpini. Dawa ikamwangukia Dorca usoni, shingoni, kifuani, ikachanganyika na mvua, ikateremka mtaroni. Nyuma yao askari alikuwa anajaribu kufuli mpya mlangoni, akiivuta mara mbili kuhakikisha. Ndani, sakafu ilimeremeta kutoka ukuta hadi ukuta, safi kuliko ilivyowahi kuwa, na hakuna aliyeilalia.