Mchuzi wa Boma la Kati

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, mwenye buti zilizokwisha kukanyaga matope ya mashamba mengi, na maneno yake aliyapanga kama mtu anayepanga mayai. Aliyazunguka maboma yote matatu ya saileji, akagonga kuta kwa nyundo ndogo, akainama, akanusa, kisha akamgeukia binti mwenye kuliendesha shamba.

"La kulia na la kushoto yanarekebishika," alisema. "Hili la kati lisijazwe tena mpaka lijengwe upya. Kuta zimebonyea nje, sakafu inavuja, na huko juu hakuna kizuizi cha kumlinda dereva wa trekta. Kanuni mpya zinataka hivyo. Lakini hata zisingetaka, mimi nisingekubali kusimama chini yake."

"Wala mimi," binti alijibu. "Mahindi yakikomaa, litakuwa limesimama upya."

Hakuyasema hayo kwa majivuno. Wafanyakazi walimwita Bi Kipimo, kwa sababu tangu arudi kutoka chuoni hapakuwa na kitu shambani alichokiacha bila kukipima: maziwa, mvua, unyevu wa majani, na, kwa maneno ya wapenda kutia chumvi, hata usingizi wa mbwa. Kazi ya boma haikumtisha. Boma la saileji ni kuta tatu za zege, wazi mbele na juu. Mahindi mabichi yaliyokatwakatwa humwagwa humo, hushindiliwa kwa trekta mpaka hewa itoke, hufunikwa kwa nailoni na kukandamizwa kwa matairi, yakavundika na kuwa chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Zege alilijua, na fundi alikuwa naye. Kilichobaki kilikuwa baba yake.

Baba, ambaye shamba zima lilimwita Kamanda, ndiye aliyelijenga boma la kati kwa mikono yake, na kila msimu ndiye aliyeketi kwenye trekta kushindilia. Hakuridhika shehena ifike ukingoni tu. Aliipandisha juu ya ukuta mpaka ikatuna kama kilemba, kisha akaenda na kurudi huko juu, gurudumu moja likilamba ukingo, huku watu wakimtazama kwa mshangao aliokuwa akiujua na kuupenda. Ukuta uliobonyea ndio uliombeba.

Bi Kipimo angeweza kuubomoa bila kumwuliza; uendeshaji wa shamba ulikuwa mikononi mwake. Lakini mtu asiyeamini hatari ataupanda ukuta mpya kama alivyoupanda wa zamani, na ukuta mpya nao una kikomo cha uwezo wake. Alitaka baba yake awe hai na awe radhi, vyote viwili, wala hakuwa na nia ya kuchagua kimoja.

Jioni walikaa barazani: Kamanda, Mama, Bi Kipimo, na Timazi. Huyu wa mwisho alikuwa mtoto wa dada yake Kamanda na fundi mwashi wa ukoo, aliyebandikwa jina la ule uzi wenye risasi wa kupimia wima wa kuta, ambao haukumtoka mfukoni.

"Ukuta ule una nguvu kuliko mimi," Kamanda alisema. "Timazi aupige lipu, basi. Nyufa ni uzee tu. Mbona mimi nina mikunjo na sijabomolewa?"

"Mjomba, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Timazi alisema. "Hawakusema lolote kuhusu kuupaka ufa poda."

"Poda imewahi kumpatia mume mwanamke mwenye sura mbaya kuliko ukuta wangu."

"Usinitazame mimi," Mama alisema, akaendelea kumimina chai.

Bi Kipimo alisubiri kicheko kiishe. "Baba, mtaro wa kutolea maji sakafuni uko wapi? Mkaguzi ameutafuta, mimi pia nimeutafuta, hatukuuona."

"Mtauonaje, na niliuziba mwenyewe? Niliujaza zege mwaka uleule wa kwanza." Akajiegemeza kitini kama mwalimu aliyeulizwa swali alilokuwa akilingojea. "Yale maji yanayochujika kwenye saileji, mwanangu, ndiyo utamu wenyewe. Nani apikaye nyama akamwaga mchuzi?"

Bi Kipimo aliweka kikombe chini. Miaka yote alidhani mtaro haukujengwa kabisa. Kumbe ulijengwa, ukazibwa kwa mapenzi. Maelezo yalikuwa tayari kinywani mwake, yote sahihi, na aliona wazi jinsi ambavyo baba yake angeyapangua moja baada ya jingine mpaka chai ipoe. Akayameza.

"Kesho asubuhi nisindikize nyuma ya boma," alisema. "Nataka unisomee majani."

Hilo Kamanda hakuweza kulikataa. Hapakuwa na mtu aliyeyajua majani kama yeye. Alikuwa akitazama malisho na kusema ni wapi ng'ombe alilala na ni wapi udongo una kiu.

Nyuma ya boma la kati majani yalikuwa yamekufa kwa umbo la ulimi. Shina la ulimi lilianzia mguuni mwa ukuta, na ncha yake ilielekea kisimani. Kamanda alisimama, akakunja uso.

"Nani kamwaga dizeli hapa?"

"Hakuna aliyemwaga."

Alichutama, akang'oa kishungi cha majani yaliyokauka, akanusa mizizi. "Si dizeli," alisema polepole. "Ni uchachu." Akaufuata ulimi kwa macho hadi ukutani, kisha kwa miguu, kisha akaugusa ukuta kwa kidole gumba. Zege lilimeguka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Ndani yake nondo, iliyokuwa nene kama kidole hicho siku alipoilaza, ilikuwa imebaki wembamba wa sindano ya kushonea magunia.

"Mchuzi," alisema.

"Mchuzi, Baba. Ulipokosa njia ya mbele ukajitafutia ya nyuma. Ni mkali mno. Majani unayala haraka, zege unalila taratibu."

Kamanda hakuondoa mkono wake ukutani. "Msimu uliopita nilikuwa juu hapa."

"Ulikuwa."

"Na wewe ulisimama pale. Na Timazi, na watu wa matairi, wote mkiegemea ukuta mkitafuta kivuli." Alikipangusa kidole kwenye suruali. "Siku zote niliwaza habari ya kuanguka mimi, nikajiambia ni juu yangu mwenyewe. Huku chini sikuwahi kukuwaza."

Bi Kipimo alisogea, akasimama kando yake.

"Bomoa," alisema baba yake.

Basi kazi ikashika kasi. Boma likabomolewa mpaka msingi. Mhandisi akachora kuta zenye mguu mpana, Timazi akazisimamisha, timazi yake ikining'inia wima bila aibu. Sakafu ikainamishwa mbele, kuelekea kwenye mtaro mpana ulioingia kwenye tangi lililofunikwa, mbali na kisima. Juu pakawekwa vyuma vya kuzuia, na ndani ya ukuta ukapakwa mstari mwekundu ambao shehena haikupaswa kuuvuka. Trekta nalo likapata fremu ya kumkinga dereva likipinduka, pamoja na mkanda.

"Nifungwe kama mtoto mgongoni?" Kamanda aliuliza.

"Mtoto wa mgongoni haanguki, Mjomba."

Kilichompendeza zaidi ni tangi. Bi Kipimo alimweleza kwamba yale maji yangezimuliwa kwa maji mengi na kunyunyiziwa shambani kama mbolea.

"Kwa hiyo mchuzi haumwagwi."

"Haumwagwi."

"Si ungeniambia hilo barazani."

"Barazani ungenijibu, Baba."

Mkaguzi alirudi, akagonga, akapima, akaridhika. Lakini Bi Kipimo alijua kwamba mkaguzi hupasisha ukuta tu. Mtu hupasishwa na siku ya kushindilia.

Siku hiyo matela yalikuja mfululizo, na harufu tamu ya mahindi yaliyokatwa ikajaa uwanjani. Kamanda, akiwa amefunga mkanda, alikwenda na kurudi, akilaza kila tabaka kama anayekunja shuka. Shehena ikapanda hadi ikagusa mstari. Hapo likabaki tela moja lililojaa nusu, na watu wote wakainua nyuso kumtazama yeye, kama walivyozoea. Bi Kipimo alisimama mbali na ukuta, mikono mifukoni. Alikuwa ameamua kutosema neno. Kama ingembidi aseme, basi zege lote lile lingekuwa kazi bure.

Dereva wa tela alianza kurudi nyuma. Kamanda alizima injini.

"Hilo halipandi," alisema.

"Ni nusu tu, Kamanda. Wewe na nusu tela mna ugomvi gani?"

"Wapelekee ng'ombe wayale leo, yakiwa mabichi."

Dereva alimtazama Bi Kipimo, kana kwamba anaomba rufaa. Bi Kipimo alimwonyesha njia ya zizini kwa kidevu.

Kamanda alifungua mkanda, akashuka kwa ngazi kinyumenyume bila haraka, akaukuta uwanja mzima umekodoa macho.

"Mnatazama nini? Leteni nailoni kabla hewa haijaingia."

Bi Kipimo alikuwa tayari ameshika pindo la nailoni, akaanza kuvuta.